Povu Kwenye Bolti ya Waya Mwekundu

Mpendwa mdogo wangu Cheche,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wenzako mnaolala chumba kimoja. Natumaini kifua kimepoa na vumbi la mashine za kokoto halikusumbui kama ulivyoandika mara ya mwisho. Kama bado unakohoa, chemsha maji ujifukize, wala usijitie ushujaa. Ninakujua, wewe hata homa ikitikisa kitanda utasema ni kibaridi tu. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yake ni yale yale, lakini mdomo una afya ya watu wawili. Wifi na mtoto ni wazima. Mtoto ameota jino la pili na anauma kila anayembeba, habagui. Mimi mwenyewe mwili ni mzima ila sina raha, na ndiyo sababu barua hii itakuwa ndefu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Ulisema umempa jirani yako wa kitanda boksi lako la vifaa, pamoja na koleo na tindo alizokuachia baba, kwa sababu huna kazi navyo tena. Ulisema umegundua kwamba wewe si mtu wa kubuni, ni mtu wa kuambiwa ziba hapa, chomelea pale, na kwamba unamshukuru Mungu amekuonyesha mapema kabla hujazeeka na ndoto. Kisha ukanishukuru na mimi. Uliandika kwamba heri ulipimwa na mtu wa damu yako, kwa kuwa angekupima mgeni ungebaki na shaka maisha yako yote. Maneno hayo niliyasoma nikiwa nimesimama dirishani. Nilitafuta kiti.

Sasa nitakusimulia habari yote tangu mwanzo, hata ile unayoijua. Wewe ulikuwa upande mmoja wa meza na mimi upande mwingine, na kuna vitu ambavyo upande wako havikuonekana. Nivumilie.

Unakumbuka siku uliyoniletea lile dude lako likiwa limefungwa ndani ya shuka lililokuwa limenunuliwa kwa ajili ya mtoto ajaye, na wifi anakufuata nyuma akilidai shuka lake. Lilikuwa chombo cha plastiki cha kuwekea unga, chenye kifuniko kipana. Ndani ulipanga vipande saba vya chuma kisichoshika kutu, ulivyovikata kwenye sinki za ile kantini iliyovunjwa. Ulisema ukimimina maji yenye magadi makali ya kutengenezea sabuni, ukapitisha umeme wa betri ya gari, maji yatagawanyika yawe gesi, haidrojeni na oksijeni pamoja, na gesi hiyo ikitoka kwa wingi itatoa ulimi wa moto wa kuchomelea vitu vyembamba. Nikakucheka, nikasema maji kazi yake ni kuzima moto. Nilijua vizuri kwamba unasema kweli. Kila mwaka ninawaandalia wanafunzi jaribio hilohilo, wanapata gesi ya kujaza kibomba cha ukubwa wa kidole, inalia pwu, wanapiga makofi na kwenda kula. Nilicheka kwa sababu wewe hukuwahi kukaa darasa hilo. Nilipokuuliza umejulia wapi, ulisema umesoma kwenye kipande cha gazeti ulichofungiwa misumari dukani.

Gesi ulikuwa umeshaipata. Ulichokuja kutafuta kwangu ni kipimo. Ulisema kuona mapovu yanapanda hata mtoto anaona, kazi ni kujua yanapanda kiasi gani kwa dakika, na mtu wa vipimo kwenye ukoo huu ni dada. Kichwa kilinivimba wiki nzima.

Nikakufundisha. Chupa ya lita moja inajazwa maji mpaka mdomoni, inageuzwa juu chini ndani ya beseni bila hewa kuingia. Mpira kutoka kwenye mashine unapita kwanza kwenye chupa ndogo ya maji, ili moto usije ukarudi kinyumenyume ukatumaliza, kisha unaingia chini ya mdomo wa ile chupa kubwa. Gesi inapanda, maji yanashuka, yakifika kwenye alama saa inasimamishwa. Nikakukataza kupima mashine ikiwa imepata joto, maana mvuke nao hujipenyeza ukahesabiwa, na mtu akajiona tajiri kumbe ana mvuke. Na kabla ya kila kipimo, povu la sabuni lipakwe kwenye kila kiungo, kwa sababu gesi hii inapenya kuliko umbea. Panapovuja, povu litachemka. Tukagawana kazi: wewe betri na mita ya umeme, mimi povu, chupa na saa.

Nataka uamini hili kabla hujafika mbele. Siku zile kwenye baraza ya karakana yako nilifurahi kwa moyo wangu wote. Kipimo cha kwanza kilichukua dakika tatu na sekunde ishirini, na nilipokutajia ulikaa juu ya tairi kama mtu aliyefiwa. Ukavitoa vipande vyote, ukavisugua kwa msasa, ukavipanga upya na kuvisogeza karibu karibu. Tukapata dakika mbili na sekunde tano. Ukabadilisha kiasi cha magadi, tukapata moja na thelathini na moja. Siku hiyo ulinibeba juujuu mimi mtu mzima mwenye kilo zangu, majirani wakatoka kutazama, na wifi akasema kama ni mambo ya maji hayo basi atuletee na ndoo ya kufulia. Ni mimi niliyekwenda kumweleza Mwalimu Rula habari zako. Hakuna aliyenituma.

Mwalimu Rula unamjua, mkuu wetu wa karakana ya shule, yule anayetembea wima kana kwamba amemeza rula yenyewe. Alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha vijana kazi za mikono. Alisema bodi imemruhusu kumchukua hata mtu asiye na cheti, mradi aonyeshe kitu alichobuni mwenyewe na kikapimwa mbele yake. Akaweka sharti: lita moja chini ya dakika moja, kwa sababu gesi ikipungua hapo ulimi wa moto hautulii na mwanafunzi hawezi kujifunzia. Nilikuletea habari hizo. Ulikwenda kunawa mikono, ukarudi, ukaenda kunawa tena. Karakana yako ilikuwa imekosa kazi mwezi wa tatu mfululizo, mtu wa mashine za kokoto alishakuita mara mbili, na wifi alikuwa na mimba kubwa. Ulikuwa na mlango mmoja wa kubaki nyumbani ukifanya kazi unayoipenda, na mlango huo ulikuwa ndani ya chupa ya lita moja.

Siku ya kipimo ulifika maabara saa mbili asubuhi, umenyoa, umevaa shati la harusi yako. Vipande vilikuwa vipya, umevisugua mistari ya kukatana, na mashine umeifunga kifuniko kingine. Ulikuwa na furaha ya kuchokoza watu. Ulinitania kwamba kuanzia Jumatatu nizoee kukuita mwalimu, na kwamba ukinikuta na vioo vichafu utanisimamisha kona. Nilicheka, ukacheka. Ukavaa glavu, ukagusisha nyaya kwenye betri ili gesi ianze kutoka, ukaniomba nipitishe povu. Nikapitisha kwenye mpira, kwenye chupa ndogo, kuzunguka kifuniko, kwenye bolti zote mbili za nyaya. Ukaniuliza vipi. Nikakuambia hakuna kitu, pakavu.

Mwalimu Rula akaingia na daftari. Ukawasha tena. Mita ilionyesha umeme uleule uliokuwa unautaka, na ukaniangalia ukitabasamu. Nikabonyeza saa. Maji yakashuka taratibu. Yalipogusa alama nilisoma kwa sauti: dakika moja na sekunde ishirini na mbili. Mkaomba kurudia, nikarudia, ikawa moja na ishirini na nne. Mwalimu Rula alisema umeme unaingia mwingi na gesi inatoka kidogo, kwa hiyo kuna mahali ubunifu wako unapoteza. Hakukudharau, alisema alichokiona. Ndipo uliponigeukia ukaniuliza tena, mbele yake, kwa upole kabisa, kama povu nililipitisha kila mahali. Nikasema kila mahali. Ukatikisa kichwa, ukasema basi ni vipande vyako, umevisugua vibaya. Nilikwenda kufungua madirisha yote manne, na wewe ukanishukuru kwa kukumbuka.

Juma lililofuata uliondoka. Mashine uliniachia mimi, ukasema wanafunzi wangu wataichezea. Mtoto alizaliwa ukiwa huko, na mpaka leo unamjua kwa picha.

Mdogo wangu, kwa nini nilifungua madirisha? Siku nyingine zote sikuwa nafungua mapema hivyo. Nilifungua kwa sababu nilijua gesi yako ilikuwa imejaa chumbani. Povu lilichemka. Kwenye bolti ya waya mwekundu, ile iliyokuwa upande wangu, vipovu vilitoka kimoja baada ya kingine, vikapasuka, vikatoka vingine, vikubwa kama punje za mahindi. Niliviona kwa macho yangu mawili nikiwa nimevaa na miwani. Kulikuwa na kazi ya dakika tano tu, kukaza nati au kuweka kipande cha mpira. Nikavifuta kwa kitambaa na kukuambia hakuna kitu.

Nikueleze kwa nini, ingawa haitanisaidia. Asubuhi ile kabla hujafika, Mwalimu Rula alinikuta mlangoni, akaniambia kwa furaha kwamba nikaze roho, ukifaulu tutakuwa tunafanya kazi pamoja: wewe utafundisha na mimi nitakuandalia vyombo. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nimeandaa vyombo miaka kumi na tisa. Walimu wanakuja kwangu mlango wa nyuma kuniuliza kwa kunong'ona asidi inatiwa ngapi, halafu wanapita mlango wa mbele kwenda kufundisha nilichowaambia. Nafasi ya kufundisha niliiomba mara mbili. Hukuwahi kujua, hakuna aliyejua nyumbani, siri ya mtungi aijuaye kata. Mara zote mbili niliambiwa sina cheti. Wewe pia huna cheti, na kwako cheti kimegeuka kuwa lita moja ya gesi. Kisha ukaja na shati la harusi ukanitania nikuite mwalimu. Mzaha wako haukuwa na kosa lolote, ni mzaha wa siku zote. Ila ulinichoma mahali palipokuwa pameshaoza.

Sikupanga. Ningekuwa nimepanga labda ningepata nafasi ya kujionea haya. Neno lilitoka lenyewe, pakavu, na likishatoka halirudi. Nilijiambia kwamba ukikosa leo nitakuambia jioni, tutakaza nati, tutaomba siku nyingine. Jioni nikaona aibu. Kesho yake aibu ikawa mbili, na ulipopanda gari la kwenda kwenye kokoto nilikuwa nimebeba begi lako na bado sikusema. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilisikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani inawahusu chawa na majirani.

Na hasa hili ndilo linalonidhalilisha: kwa miezi minane sikujutia sana. Nilisikitika, nikakuandikia barua za kukutia moyo, nikakutumia soksi. Nilikuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwenyewe nikajiona dada mwema. Ni barua yako iliyonivunja. Uliposema umejijua kuwa si mtu wa kubuni, niliona kwamba sikukunyima kazi peke yake. Umeniamini mimi kuliko mikono yako mwenyewe, ukaigawa na koleo ya baba.

Siku iliyofuata niliitoa mashine stoo, nikaipeleka maabara wakati wa mapumziko. Nilikata duara la mpira kwenye tyubu ya baiskeli, nikaliweka chini ya ile bolti, nikakaza. Vipande vyako sikuvigusa, ni vile vile ulivyovisugua wewe. Nikatia magadi kwa kiasi ulichoandika ubavuni kwa kalamu ya rangi, nikawasha, nikapitisha povu, likatulia tuli. Nikabonyeza saa. Sekunde hamsini na nne. Nikasubiri ipoe, nikarudia. Hamsini na tatu. Mara ya tatu hamsini na nne. Nilikaa chini sakafuni kwenye maji yaliyomwagika, na mwanafunzi mmoja aliyepita akaniuliza kama nimeteleza. Nikamwambia ndiyo.

Nikaenda kumwita Mwalimu Rula. Nilimwomba ashike saa yeye. Alipata hamsini na nne, akaandika, akasema ajabu, umebadilisha nini. Nikamwonyesha ule mpira wa duara. Akauliza siku ile povu lilikuwa mkononi mwa nani, ingawa alikuwa anajua. Nikamwambia kila kitu, pamoja na zile barua mbili za maombi zilizopita mezani kwake. Alifunga daftari. Halafu akasema nafasi bado iko wazi, waliojaribu wawili walishindwa, lakini hawezi kukupa kwa neno langu, kwa kuwa neno langu ndilo lililokukosesha. Uje mwenyewe, mashine ipimwe mbele yako. Ametaja Jumatano ya pili ya mwezi ujao, saa tatu. Akaongeza kwamba siku hiyo mimi nisiwepo chumbani. Funguo za maabara amezichukua mpaka mkuu wa shule anisikilize. Sikumlaumu, na wewe usiende kuniombea.

Kwa wifi ilikuwa vigumu zaidi. Alinikaribisha chai kama kawaida yake, mtoto akaniuma kidole, tukacheka, na katikati ya kicheko nikaona nikichelewa tena sitasema milele. Nilipomaliza hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama usiku ule wa uchungu, nilipokuwa nimemshika mkono na yeye anakuita, nilikuwa nalijua jambo hili. Nikasema nilikuwa nalijua. Akamchukua mtoto mapajani mwangu, akaingia chumbani, akafunga. Nilijifungulia mwenyewe mlango wa nje.

Kesho yake asubuhi alikuja kwangu kuichukua mashine, niliyokuwa nimeirudisha nyumbani. Nilitaka kumsaidia kuibeba, akanikataza. Lakini kabla ya kuondoka aliiweka mezani, akaomba sabuni na betri, akaniambia nimwonyeshe bila kugusa. Nikamwelekeza nikiwa nimeweka mikono nyuma. Akaiwasha, akapitisha povu yeye mwenyewe, mtoto mgongoni, kwenye mpira, kwenye kifuniko, kwenye bolti zote, akainama akatazama kila kimoja mpaka akaridhika. Kisha akaifunga ndani ya shuka akaenda nayo. Kwa hiyo ukija, pita moja kwa moja kwako. Mwenye kukupitishia povu yupo, na macho yake ni mazima.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Msamaha ukiombwa kwa barua mtu hujisikia lazima ajibu, na wewe jibu lako la kwanza siku zote ni hewala. Ninachokuomba ni uje Jumatano ile, na uidai koleo ya baba kwa huyo jirani yako kabla hujapanda gari. Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, kabla barua hii haijakufika, maana najua tabia yako: utataka kunibebea. Utasema labda na wewe uliona ukapuuza, au kwamba bolti ilikuwa mbaya, au dada alikuwa amechoka. Usiseme hivyo kwa mtu yeyote. Uliniuliza mara mbili.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Wifi atakuandikia mwenyewe, sina ruhusa ya kukuletea salamu zake. Nisalimie na huyo wa kitanda cha jirani, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa zawadi itakayorudi. Mungu akulinde njiani na akupunguzie kikohozi.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa mpimaji.